Fungu la Tengeru na Duka la Kwenye Simu

Soko la Tengeru, kando ya barabara ya Arusha kwenda Moshi, hujaa siku mbili kwa wiki, Jumatano na Jumamosi. Wauzaji hutandika maturubai na viroba chini, wakapanga nyanya mafungu mafungu, maparachichi yaliyoshuka kutoka mashamba ya Meru, maharage kwenye sado, ndizi mshare zikiwa bado kwenye mkungu. Anayepita hahitaji kuuliza mengi. Fungu analiona kwa macho, anahesabu nyanya tano au sita, anatazama kama ya chini imebonyea, na bei ama imeandikwa kwenye kipande cha boksi ama inatajwa kwa sauti kila baada ya muda. Kama ana la kusema atasema: nipunguzie, niongezee moja, mimi ni mteja wako. Lakini mazungumzo hayo huanza wakati pande zote mbili zinajua kinachouzwa, ni kiasi gani na kinaanzia bei gani. Muuzaji mwenyewe yupo, siku ya soko ijayo atakuwepo palepale, na majirani zake wanamfahamu kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Utaratibu huu ni wa zamani, na ndani yake mna uaminifu mwingi ambao haukuandikwa popote.

Sasa fungua Instagram utafute vitu vinavyouzwa Arusha. Utakutana na picha nzuri za ndala za ngozi zilizoshonewa shanga, mikufu, mashuka ya Kimasai, kahawa ya kukaanga kwenye mifuko ya khaki, asali, magauni ya kitenge, mitumba ya daraja la kwanza kutoka soko la Kilombero. Chini ya picha, mara nyingi, yapo maneno yaleyale: "Bei njoo DM. Tunatuma mikoani." Hakuna bei, hakuna saizi, hakuna idadi iliyobaki, hakuna mtaa wala namba ya fremu. Muuzaji huyuhuyu angekuwa Tengeru asingethubutu kufunika fungu lake kwa kanga na kumwambia kila mpita njia amnong'oneze sikioni ili ajue bei. Kwenye simu anafanya hivyo, na tumeshazoea. Ninachotaka kukitetea hapa ni kwamba kuunganisha akaunti ya mtandao wa kijamii na duka la mtandaoni, duka lenye anwani yake yenyewe na bei iliyo wazi, ni kulirudisha fungu la Tengeru mahali lilipoondolewa. Watu wengi wanalichukulia jambo hili kama la mafundi wa kompyuta au la wafanyabiashara wakubwa. Mimi naliona kuwa suala la heshima kati ya muuzaji na mnunuzi, na ndiyo maana nalipa uzito.

Tufuate oda moja. Mnunuzi yuko Dodoma, ameona pea ya ndala za shanga, anavaa namba 39. Anaandika "Mambo." Anajibiwa baada ya nusu saa, "Poa, karibu." Anauliza bei. Anaulizwa, ipi? Anapiga picha ya skrini, anaituma. Anaambiwa 35,000. Anauliza kama 39 ipo. "Ngoja niangalie." Zinapita saa mbili, kwa sababu muuzaji yuko kwenye soko la vinyago akihudumia wageni na mzigo umebaki nyumbani Kijenge. Jibu linakuja: 39 imeisha, 40 ipo, ila rangi si hiyo. Mnunuzi anakubali rangi nyingine, anauliza nauli ya basi, anapewa namba ya simu na kuambiwa atume "na ya kutolea." Anaingiza namba, linatokea jina la mtu asiyemjua, halifanani kabisa na jina la duka. Anasita. Anakumbuka ujumbe wa matapeli ambao karibu kila Mtanzania mwenye simu amewahi kuupata, ule wa "ile pesa tuma kwenye namba hii." Anafunga simu. Muuzaji naye usiku anahesabu watu arobaini waliopenda picha na hakuna hata mmoja aliyenunua, anaamua kwamba wateja wa mtandaoni ni wasumbufu. Katika mnyororo huu hakuna mtu mbaya. Kila swali lililoulizwa lilikuwa la haki, na kila jibu lingeweza kuwa limeshaandikwa mahali kabla halijaulizwa.

Kwa Arusha, kuficha bei kuna doa jingine ambalo miji mingi ya nchi hii haina kwa kiwango hiki. Huu ni mji wa wageni. Mwaka 2024 Tanzania ilipokea watalii wa kimataifa zaidi ya milioni 2.1, na wengi wa wanaokwenda Serengeti, Ngorongoro na Tarangire hulala Arusha japo usiku mmoja. Kwa miaka mingi tumejifunza kuisoma bei usoni mwa mteja: kuna bei ya mzungu, kuna bei ya mtu wa Dar, kuna bei ya mwenyeji, na mwenyeji mwenyewe akivaa vizuri sana bei yake inapanda. Tabia hiyo imehamia kwenye simu. Anayeuliza bei kwa DM hutazamwa kwanza wasifu wake, picha zake, jina lake, anapoishi, halafu ndipo atajiwe. Wateja wanalijua hili, na ndiyo maana wapo wanaomtuma ndugu mwenye akaunti ya kawaida akaulize kwa niaba yao. Machi 2025 serikali ilitoa kanuni zinazokataza bidhaa na huduma za hapa nchini kutangazwa na kulipiwa kwa fedha za kigeni, na mji huu, uliozoea kutaja dola hata kwa vitu vilivyotengenezwa mtaa wa pili, ulikuwa miongoni mwa iliyoguswa zaidi. Kanuni hiyo iligusa sarafu. Haikugusa macho yanayopima mfuko wa mtu. Bei iliyoandikwa kwa shilingi kwenye ukurasa ambao mtu wa Sakina hapahapa Arusha na mtu wa Stockholm wanauona sawasawa ndiyo inayoyafumba macho hayo.

Kuunganisha kwenyewe si kazi ya ajabu. Duka la mtandaoni, kwa maana ninayoizungumzia, ni ukurasa wenye anwani yake, kwa mfano kikoa kinachoishia na .co.tz, ambao ndani yake kila bidhaa ina picha, jina, maelezo, bei na idadi iliyopo. Akaunti ya Instagram au Facebook inageuzwa kuwa ya biashara, inafungwa pamoja na orodha hiyo ya bidhaa, na mwenye duka anathibitisha kwamba kikoa ni chake kwa kubandika msimbo mfupi kwenye tovuti. Facebook ilianzisha maduka yake ya ndani Mei 2020, wakati corona imefunga milango ya fremu dunia nzima, na WhatsApp Business, iliyoanza 2018, iliongezewa katalogi mwishoni mwa 2019. Zana hizi hazikufika kila nchi kwa ukamilifu uleule. Ile ya mteja kulipa kwa kadi bila kutoka ndani ya Instagram ilijengwa kwa ajili ya Marekani, na muuzaji wa Arusha asipoteze usiku akiitafuta kwenye mipangilio ya simu yake. Kwetu sisi kiungo cha kweli ni kile kinachotoka kwenye picha kwenda kwenye ukurasa wa bidhaa, na kutoka kwenye ukurasa kwenda kwenye Lipa Namba, namba ya biashara ya kulipia kwa simu. Hiyo Lipa Namba ina faida ambayo huwa haisemwi vya kutosha: kabla mteja hajaweka namba yake ya siri, jina la biashara linajitokeza kwenye skrini. Jina la duka kwenye picha, jina la duka kwenye anwani ya tovuti, jina la duka kwenye malipo, yote matatu yakiwa moja, yule mnunuzi wa Dodoma angemaliza kazi yake kwa dakika nne. Na hapangekuwa na habari ya kutolea.

Sehemu ngumu iko kwingine, nayo ni stoku. Ndala za shanga hazitoki kiwandani. Fundi mmoja hashoni pea mbili zinazofanana nukta kwa nukta. Pea iliyopigwa picha ikiuzwa mezani kwa mtalii saa nne asubuhi, lazima ifutwe dukani kabla mtu wa Mwanza hajailipia saa tano. Hili ni suala la nidhamu, halina programu ya kulimaliza. Wanaoliweza ni wale wanaotenga: vitu vya mtandaoni vinakaa kwenye sanduku lake, havipelekwi mezani, na kila kimoja kina namba iliyoandikwa kwenye kikaratasi. Maelezo nayo yawe ya mtu anayeiheshimu kazi yake. Shanga ni za kioo au za plastiki? Nyingi za kioo tunazoziona kwenye mikufu ya Kimasai hutoka Ucheki, nyingine China, na mnunuzi anayejua tofauti yupo tayari kulipa tofauti. Ngozi ni ya ng'ombe au ya mbuzi? Soli ni mpira mpya au ni tairi, kama ya katambuga? Kahawa imevunwa msimu gani, imekaangwa lini? Muuzaji mzuri hujibu maswali haya kila siku kwa mdomo. Akiyaandika mara moja, anapumzika.

Nageukia jambo linalonifanya nisiridhike na akaunti peke yake, hata ingekuwa na bei zote. Akaunti ni meza uliyoitandika kwenye baraza la mtu. Wafuasi elfu thelathini uliowakusanya kwa miaka mitano huna namba zao, huna majina yao, huwezi kuhama nao. Oktoba 4, 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika zote kwa pamoja kwa takriban saa sita, na biashara ambazo mlango wake ulikuwa huko hazikuwa na hata pa kubandika tangazo la kusema tumefunga. Mei 20, 2025 akaunti ya Jeshi la Polisi Tanzania kwenye mtandao wa X ilidukuliwa, ikatumika kurusha uongo na mambo yasiyofaa, kisha X wenyewe ukafungwa nchini. Kama akaunti ya jeshi la polisi inaweza kuvamiwa, ya kijana anayeuza viatu Soko Kuu kwa nenosiri ambalo ni tarehe yake ya kuzaliwa haiko salama zaidi. Wizi wa aina nyingine hauhitaji hata kuvunja nenosiri: mtu ananakili picha zako zote, anafungua akaunti yenye jina lako na nukta moja ya ziada, anapokea pesa za wateja wako kwa wiki mbili na kutoweka. Anayelipwa matusi ni wewe. Picha zinaigika, jina la akaunti linaigika kwa nukta moja, lakini kikoa kimoja hakiwezi kuwa na wamiliki wawili. Mteja aliyezoea kuambiwa "nunua kupitia anwani hii tu, popote pengine si sisi" ana kipimo cha kushika mkononi.

Hapa najibiwa, kwa haki, kwamba tovuti nayo hukatika. Mei 12, 2024 nyaya za EASSy na Seacom ziliharibika chini ya Bahari ya Hindi na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchini na ikachukua siku kadhaa kurudi. Siku kama hizo duka la mtandaoni halina tofauti na akaunti: vyote giza. Nakubali. Ila kuna kitu duka linakiacha nyuma ambacho akaunti haikiachi, nacho ni daftari. Kila oda iliyopita dukani imeacha jina, namba ya simu, kilichonunuliwa, saizi na mji. Muuzaji anayelipakua daftari hilo kila Jumapili na kulitunza anaweza kumpigia mteja wake simu ya kawaida, bila intaneti wala ruhusa ya kampuni ya California, akamwambia mzigo wako utaondoka barabara ikitulia. Mali bila daftari hupotea bila habari. Wazee waliosema hivyo walikuwa na maduka ya kaunta, na neno lao limefika kwenye simu likiwa zima. Daftari lenyewe lina wajibu wake. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ianze kutumika Mei 2023, anayekusanya namba na majina ya watu anapaswa kujisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na kuzitunza kwa kusudi lile alilowaambia. Kuuza orodha ya wateja kwa mtu wa mikopo ya mtandaoni ni kosa, na ni usaliti.

Pingamizi ninalolisikia mara nyingi zaidi linahusu mapatano. Watu wanasema sisi si watu wa bei ya kubandika. Biashara yetu ni mazungumzo, mteja anataka kusalimiwa, kuulizwa hali ya nyumbani, kupunguziwa kidogo ili aondoke na furaha. Ukimpeleka kwenye tovuti umempeleka kwenye mashine. Pingamizi hili lina ukweli mwingi na sitaki kulipita haraka. Mazungumzo ni sehemu ya bidhaa. Mama anayeuza vitenge anajua mteja wake ana harusi ya mdogo wake mwezi ujao, na ujuzi huo una thamani kuliko tangazo lolote. Lakini angalia mazungumzo ya DM yanatumika kwa nini hasa: bei gani, saizi ipo, mko wapi, mnatuma kwa basi gani. Huko si kusalimiana, huko ni kuchukua taarifa ambazo zingekuwa ukutani. Taarifa zikishakuwa ukutani, mazungumzo yanayobaki ni yale ya kweli, ya kupima rangi na kuomba punguzo la pea tatu. WhatsApp isiondolewe, ikae ndani ya duka, kitufe kimoja chini ya kila bidhaa, na mteja akibonyeza ujumbe ufike ukiwa tayari umebeba jina la bidhaa na bei yake. Mapatano yaanzie kwenye namba inayojulikana, kama Tengeru yanavyoanzia kwenye fungu. Wapo pia wanaoficha bei ili washindani wasiwaone. Mshindani wako ana akaunti ya pili na anakuuliza DM kila wiki akijifanya mteja. Anayefichwa ni mnunuzi peke yake.

Wengine wananionyesha makaburi. Jumia, kampuni iliyoingia soko la hisa la New York Aprili 2019 kwa shangwe kubwa, ilifunga shughuli zake Tanzania Novemba mwaka huohuo. Kenya, Copia, iliyouza bidhaa za nyumbani kwa watu wa vijijini kupitia mawakala, iliwekwa chini ya wasimamizi wa ufilisi mwaka 2024. Kama hao wenye mamilioni ya dola wameshindwa, fundi wa Ngaramtoni atawezaje? Nadhani ulinganisho haufai. Kampuni hizo zilijaribu kujenga soko zima: maghala, magari, mawakala, matangazo, vyote vikingoja faida ya siku ya mbali. Fundi wa Ngaramtoni bidhaa anayo tayari, wateja anao tayari kwenye akaunti yake, na gharama ya kikoa kwa mwaka haifiki kodi ya fremu ya mwezi mmoja katikati ya mji. Anachojenga ni mlango. Tena aanze na bidhaa kumi. Duka lenye bidhaa kumi zilizoelezwa vizuri na zilizopo kweli lina faida kuliko lenye mia tatu ambazo nusu yake zimeisha tangu Pasaka.

Na kodi? Hofu hii huzungumzwa kwa sauti ya chini, nami nataka tuizungumze kwa sauti ya kawaida. Wauzaji wengi wanahisi kwamba bei ikiwa wazi na oda zikiwa na kumbukumbu, Mamlaka ya Mapato, TRA, itawakuta. Tutazame jedwali lenyewe la kodi ya makadirio kwa mfanyabiashara mdogo, kama lilivyowekwa na Sheria ya Fedha ya 2019. Mwenye mauzo yasiyozidi shilingi milioni 4 kwa mwaka hakutozwa kitu. Kati ya milioni 4 na milioni 7, asiye na kumbukumbu alipangiwa kulipa 100,000, na mwenye kumbukumbu asilimia 3 ya kile kinachozidi milioni 4. Anayeuza milioni 6 na ana daftari alidaiwa 60,000. Jirani yake wa mauzo yaleyale asiye na daftari, 100,000. Aliyeuza milioni 5 tofauti ilikuwa kubwa zaidi, 30,000 kwa 100,000. Mfumo huo uliandikwa kumpendelea anayeandika. Anayejificha analipa gharama ya kujificha, na akikadiriwa hana karatasi ya kubishia. Siwezi kusema kila mfanyabiashara mdogo hutendewa kwa upole anapokadiriwa; manung'uniko ya Kariakoo Mei 2023, pale wafanyabiashara walipofunga maduka, yalikuwa na sababu zake. Lakini mwenye kumbukumbu anaingia kwenye ubishi huo akiwa na silaha, na mwenye DM zilizofutwa anaingia mikono mitupu.

Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 nayo inatembea upande huohuo. Inazitambua kumbukumbu za kielektroniki kuwa ushahidi, na ina masharti ya kumlinda mlaji, yanayomtaka anayeuza kwa njia ya mtandao ajitambulishe na kueleza bidhaa yake na bei. "Bei njoo DM," ukiisoma sheria hiyo taratibu, ni desturi tuliyoizoea nje ya matakwa yake. Ukurasa wa duka wenye jina, mtaa, bei na masharti ya kurudisha mzigo ndio mahali pekee ambapo muuzaji mdogo anaweza kuyatimiza hayo mara moja kwa wateja wote. Masharti ya kurudisha mzigo yasiwe marefu. Mstari mmoja unaosema ndala isiyokutosha irudishe ndani ya siku saba ikiwa haijavaliwa, nauli ya kurudisha ni yako, ya kukutumia nyingine ni yetu, unaleta wateja kuliko picha ishirini.

Mzigo wenyewe unasafirije? Katika mji huu yalipo makao makuu ya Umoja wa Posta Afrika, ulioundwa hapahapa Arusha mwaka 1980 na ambao jengo lake refu lilizinduliwa Septemba 2023, vifurushi vingi vya wauzaji wa mtandaoni bado vinaondoka kwa mabasi ya usiku kwenda Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 600, vikiwa na jina la mpokeaji lililoandikwa kwa kalamu ya wino mzito juu ya utepe wa gundi. Njia hiyo ni ya haraka na ina bei nzuri, na watu wa ofisi za mabasi wanaifanya kwa uaminifu ambao haupewi sifa yake. Udhaifu wake ni kwamba mteja hajui mzigo uko wapi hadi apigiwe simu. Hapo nako duka linasaidia kwa jambo dogo: risiti ya basi ikipigwa picha na kuwekwa kwenye oda, na si kwenye status inayofutika baada ya saa 24, mteja anaifungua saa kumi na moja alfajiri akiwa stendi ya Magufuli huko Dar bila kumwamsha mtu.

Limebaki jambo moja ambalo watetezi wenzangu wa maduka ya mtandaoni hulikwepa. Kuzunguka Meru wako watengenezaji ambao hawana akaunti wenyewe. Vijiji kama Ng'iresi, Ilkiding'a na Mulala vimepokea wageni chini ya mpango wa utalii wa utamaduni tangu miaka ya 1990, na wanawake wa huko wanauza ushanga, asali na vitu vingine vya mikono yao. Mara nyingi anayewapiga picha, anayeshika akaunti, anayejibu DM na anayepokea pesa ni mtu wa mjini, kijana mwerevu mwenye simu nzuri. Anafanya kazi halali na anastahili ujira. Lakini akaunti ikiwa yake, wafuasi wake, namba ya malipo yake, basi siku wakigombana kikundi kinabaki na ushanga na yeye anabaki na soko. Kuunganisha akaunti na duka kunaweza kuurekebisha mgawo huu au kuuzidisha, kutegemea jina la nani limeandikwa wapi. Kikoa kisajiliwe kwa jina la kikundi. Lipa Namba iwe ya kikundi, na ujumbe wa kila malipo ufike kwenye simu ya mweka hazina pamoja na ya yule kijana. Bei ya mkufu iliyo wazi dukani itaonekana pia na mama aliyeushona, na atajua kama alilipwa 8,000 kwa kitu kinachouzwa 45,000, na mazungumzo ya ujira yataanzia hapo. Nenosiri la duka, jina la kikoa na tarehe ya kukilipia upya viandikwe kwa mkono kwenye lile daftari la michango linalokaa kwa katibu, ukurasa wa kwanza, na mikutano ifunguliwe kwa kusoma kilichouzwa wiki hiyo: mikufu mingapi, kwa nani, kwa shilingi ngapi, na mzigo wa mteja yupi bado haujaondoka.